Vigae vya Mpakani

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Anjela. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake wenzangu, tumekaa kwenye vigoda tumezunguka rundo la ndizi, kila mmoja na kisu chake, na beseni la maji katikati limekwisha kuwa jeusi kwa utomvu. Msibani kazi ya kumenya ndizi ina faida moja: mikono ina shughuli, macho yanatazama chini, na mtu anaweza kukaa kimya bila kuulizwa kwa nini. Lakini msichana mmoja, aliyeolewa huku juzi tu, akauliza, "Jamani, huyu bibi mkono wake wa kulia ulikuwaje? Tangu nije hapa namwona anabeba kila kitu kwa kushoto." Mwingine akajibu kwamba alianguka mfongoni, kwenye mfereji, akiwa bado binti, akichota maji. "Binti wapi!" akasema wa tatu. "Ilikuwa radi. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia. Radi ilishuka mchana kweupe, ikachoma banda na ng'ombe ndani, na yeye ikampata mkono." "Radi ichague mkono mmoja?" "Radi ya huku juu wewe unaijua? Ngoja ukae." Wakacheka, kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha yule msichana akanigeukia. "Bibi Felista, wewe ni wa zamani hapa. Ilikuwa radi?" Nikasema sikumbuki vizuri. Nina wajukuu watatu, nilikuwa na kisu mkononi na maiti iko sebuleni, na bado nilidanganya kwa sauti ileile niliyodanganyia nikiwa na miaka kumi na saba.

Haikuwa radi. Ulikuwa mpini wa jembe, na aliyeushika ni kaka yangu Klemensi, na aliyebeba kikapu chenye ushahidi ni mimi. Nilisoma hadi darasa la saba, sijui kupamba maneno. Nitasema yalivyokuwa.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na vijana wa huku mlimani walishuka Himo kama maji yaliyofunguliwa mfongoni. Kaka yangu wa pili, Aloisi, alikuwa mmoja wao. Alivusha mahindi na maharage kwenda Kenya, akarudi na sabuni, mafuta ya kupikia, na marobota ya mitumba. Akija nyumbani Jumapili alikuwa na viatu vinavyong'aa na mfuko wa nyama, na baba, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alikaa naye kwenye benchi nje wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mimi ndiye niliyepika, niliyekatia ng'ombe majani, na niliyepigwa. Sisemi hili ili nihurumiwe. Kwetu fimbo ilikaa juu ya mlango kama kalenda, na kila mtu aliiona akiingia. Sufuria ikiungua, fimbo. Ndama akinyonya kabla ya kukamuliwa, fimbo. Nilivunja kikombe cha udongo nikiwa mdogo, na baba alinipiga mpaka Klemensi mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa huruma, akamwambia, "Baba, inatosha, atazimia." Kumbuka kikombe hicho, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Msimu wa kiangazi Aloisi alirudi na hakushuka tena. Alikuja juu ya gari la mizigo, ameketi kwenye magunia, na alipoteremka viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko miguu yake. Alikuwa anakohoa, anaharisha, na mdomoni ana utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Tulimlaza chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangalia migomba, na chumba kile kikawa na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia hospitalini natoka nje kwanza. Homa ilipompanda alikuwa haombi dawa. Aliomba maji ya chungu. "Felista, haya ya ndoo yananuka plastiki. Mama alikuwa na chungu. Nipe maji ya chungu, baridi, nife vizuri." Alisema hivyo kwa utani. Aloisi alitania mpaka mwisho.

Chungu cha mama kilikuwepo, juu ya dari ya banda la ng'ombe, kimejaa masizi, hakuna aliyekitumia tangu ndoo za plastiki zilipoanza kuja. Asubuhi moja, baba na Klemensi wakiwa shambani chini, nilikishusha nikakipeleka mfongoni kukisugua. Mfongo wetu ulipita mpakani, kati ya kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba, na cha Mama Anjela, chini ya mstari wa masale. Ni lazima nieleze habari ya mstari huo. Masale ni mimea inayopandwa mpakani, na kwetu haing'olewi, kwa sababu ni alama ya amani; mtu akikukosea akakujia na jani la isale, ni mwiko kulikataa. Lakini mwaka uliotangulia, mume wa Mama Anjela alipokufa, baba aliyang'oa masale yale na kuyapanda upya hatua tatu ndani ya shamba la mjane, na mibuni yake kumi na kitu ikawa yetu. Mama Anjela alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaenda kwa wazee wa ukoo. Wazee walikunywa mbege yetu, wakasema mpaka uko pale ulipo. Siku hiyo alisimama kwenye mpaka huo mpya, akamwambia baba mbele ya watu, "Mimi sina mume wala fimbo. Ardhi imeona." Hayo tu. "Ardhi imeona."

Basi nilikisugua chungu, nikakijaza, nikajitwisha, na mguu ukateleza kwenye tope. Nilianguka na chungu kikaniangukia. Kigae kimoja kiliingia kwenye kiganja cha mkono wa kushoto hapa chini ya kidole gumba, kovu lipo, naliona ninapoandika. Damu ilitoka nyingi. Kabla sijaangalia mkono nilifikiria kikombe kile. Nikakusanya vigae nikavifukia chini ya majani makavu ya migomba, penye mizizi ya masale. Mdomo wa chungu, wenye mistari ambayo mtu yeyote wa nyumbani angeitambua, niliutupa mfongoni na maji yakauchukua. Nikamwambia baba nimejikata kwa panga nikikata majani. Akasema, "Macho unayaweka wapi?" akanipiga kofi moja, na habari ikaisha. Nilijiona nimepona.

Shangazi Matilda, dada wa baba, alihamia kwetu kumwuguza Aloisi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzuri, na kichwa chake kilikuwa ghala la hadithi. Jioni alikaa mlangoni pa chumba cha mgonjwa akichambua maharage ya kiburu cha ndizi, akasimulia, na sisi sote tulisikiliza, hata baba. Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya Nyumba Saba. Juu yetu, karibu na msitu, kuna bonde lenye mibuni iliyogeuka kuwa miti mirefu, na haliishi mtu. Zamani, alisema, palikuwa na nyumba saba za ukoo mmoja, watu wakali, wezi wa mipaka. Wakamdhulumu mjane. Mjane akachukua chungu, akakizungusha, akataja majina yao, akakivunja. Vigae vikawa saba. Mwaka huohuo nyumba ya kwanza ikafagiwa, mwaka wa pili ya pili, vijana kwanza, wenye nguvu, wanakauka kama majani ya mgomba, mpaka hakubaki wa kumzika mwenzake. "Chungu hakina haraka," alimaliza hivyo kila mara. "Chungu kinajua kuhesabu." Nilimwona baba. Alikuwa ameshika kata ya mbege na hakunywa.

Nimefikiri sana juu ya jioni zile. Watu wanasema hadithi hizi ni za ujinga, na kwamba waliosoma hawazishiki. Mimi sioni hivyo. Baba yangu alijua kusoma, alikwenda misa kila Jumapili, na angeweza kumcheka mtu yeyote aliyeogopa chungu. Lakini hadithi haikuingia kwake kwa mlango wa ujinga. Iliingia kwa mlango aliouacha wazi mwenyewe, ule wa hatua tatu za ardhi. Alikuwa amedhulumu, na alikuwa akingoja kulipwa, na mtu anayengoja hodi husikia hodi hata mgomba unapogonga ukuta.

Aloisi peke yake hakusikiliza. Siku moja nilikuwa namlisha mtori, kijiko kimoja kimoja, akaniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi na chungu chake. Wenzangu wawili wa Himo wamekufa hivihivi. Mmoja Mnyaturu, mmoja Mpare. Nao walivunjiwa chungu na Mama Anjela?" Akacheka, akakohoa, akatema kwenye kopo. "Chungu changu nimekivunja mwenyewe, Felista. Himo kule. Usimwambie baba." Alinitazama. Nilikuwa na bandeji ya kitambaa mkononi. Nilitaka kumwambia, na mimi nina chungu nilichokivunja. Nilimpa kijiko kingine.

Klemensi ndiye aliyevipata vigae. Alikuwa anafyeka mpakani, panga likagonga, akainua majani. Alikuja mbio amevishika kwenye shati lake kama mtu anayebeba mayai. Akavimwaga mezani. Vilikuwa vyeusi kwa tope, na kimoja kilikuwa na damu iliyokauka. Shangazi Matilda alikisogelea, akakinusa. "Damu ya mbuzi," alisema. "Ametaja majina, amevimwagia damu." Klemensi akaanza kuvihesabu. Vilikuwa tisa. Baba aliketi kwenye kiti polepole. "Kwenye mpaka," alisema. "Kwenye masale. Yule mwanamke."

Hapo ndipo pa kusema. Meza ilikuwa kati yetu, damu ilikuwa yangu, fimbo ilikuwa juu ya mlango. Nilitazama fimbo. Shangazi akaendelea kwamba dawa ipo. Aliyevunja akikubali kwa mdomo wake, akamtemea mgonjwa maji ya baraka kifuani, vigae vikaunganishwa ndani ya chungu kingine na kufukiwa, laana inarudi nyuma. "Felista, kile chungu cha mama yenu kiko wapi? Kilete, tutakitumia hicho." Nikasema, "Kilivunjika, shangazi." Nilisema hivyo, kwa sauti ya kusikika, na vigae vyake vimelala mezani. "Basi kanunue kingine sokoni," akasema, akanipa hela. Hakuna aliyeinua uso. Tangu siku hiyo najua kwamba watu wakishaipata hadithi wanayoihitaji, ukweli unaweza kupita katikati yao umebeba taa na wasiuone.

Tulikwenda saa moja asubuhi, jua limetoka, Kibo kiko wazi juu ya migomba. Baba mbele, Klemensi na mpini wa jembe, Shangazi, mimi nyuma na kikapu. Mama Anjela alikuwa anakamua. Anjela, rika langu, tuliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa ameshika ndama. Baba hakusalimu. Alisema, "Mwaga," nami nikamwaga vigae mbele ya yule mama. Akavitazama. Kisha akanitazama mimi, akatazama kitambaa mkononi mwangu, akatazama vigae tena. Nakumbuka mpangilio huo kwa sababu nimeurudia kila siku ya maisha yangu.

"Vya nani hivi?" aliuliza.

"Usituulize, wewe ndiye wa kutuambia," alisema Shangazi. "Mtoto anakauka. Sema umevunja, uje umtemee, tuishi."

"Sijavunja chungu."

Klemensi alimpiga teke la ubavu, kigoda kikaruka, maziwa yakamwagika. Ng'ombe akaruka kando. Anjela alipiga kelele akamrukia Klemensi mgongoni, naye akamkung'uta kama mtu anayevua koti, binti akagonga nguzo ya banda, akakaa chini na damu ikimtoka puani. "Sema!" "Sijavunja." Pigo la kwanza la mpini lilimpata begani. "Klemensi," alisema yule mama, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto mezani, "mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Mama yako alinishika mkono huu." Akaunyosha mkono wa kulia, sijui kwa kujikinga au kwa kumwonyesha. Klemensi akaupiga. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa kuvunja kuni kavu kwa goti. Akaupiga tena ulipokuwa umekwisha kuvunjika, na mara ya tatu, na baba alisimama tu akiwa amefumba mdomo, na Shangazi alikuwa analia huku akisema, "Sema, dada, sema basi, kwani ni gharama gani kusema?" Majirani walikuwa wamefika kwenye ua. Hakuna aliyeingia. Mwanamume mmoja alisema, "Kama hakuvunja, vigae vimetoka wapi?" na wengine wakaitikia. Ndiyo, vimetoka wapi. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu kitupu.

Mama Anjela alinitazama tena, akiwa amelala ubavu, shavu kwenye kinyesi cha ng'ombe. Kisha akasema, "Nimevunja. Ni mimi."

Walimvusha mpakani, wakamleta chumbani kwa Aloisi, mkono unaning'inia. Aloisi aliona kila kitu. Nilidhani atasema, maana alijua kuliko sisi wote. Lakini alipomwona anaingia na bakuli la maji, alifungua shati mwenyewe. Kwa vidole vile vilivyobaki mifupa alifungua vifungo, akampa kifua. Yule mama akapiga funda la maji kutoka bakulini, akamtemea polepole, akisema maneno ya Kichagga ya kumtakia mtu usingizi na chakula, si maneno ya laana yoyote, ni maneno ambayo mama yeyote angemwambia mtoto. Sikumlaumu Aloisi wakati ule wala sasa. Ugonjwa wake ulikuwa chumba kisicho na mlango. Hadithi ya chungu ilikuwa na mlango, na mtu anayekufa hawezi kuambiwa asiujaribu.

Na ilifanya kazi. Hili ndilo jambo baya kuliko yote, na naliandika kwa sababu lilitokea. Jioni ile Aloisi aliomba nyama. Alikula mtori bakuli zima. Kesho yake alitoka nje kwa miguu yake akakaa kwenye benchi juani, akaomba kata ya mbege, akanywa, akamwambia baba asante kwa lugha yetu, "Aika, baba." Shangazi alipiga vigelegele. Baba alichinja mbuzi. Watu walikuja kumwona, na kila aliyemwona alirudi nyumbani akiamini zaidi. Mimi pia. Mimi niliyekivunja kile chungu kwa mikono yangu, siku tatu zile niliamini kwamba amepona kwa sababu aliyevunja amekiri. Sijui nilivyoweza. Naweza tu kusema niliweza.

Siku ya nne alianza kutapika, na siku ya saba akafa. Tulipotoka kaburini, Klemensi hakunawa mikono. Alisema yule mchawi alitema maji ya uongo. Vijana kama kumi walimfuata, wengine hata hawakumjua Aloisi. Mama Anjela alikuwa bado katika hospitali ya misheni, na Anjela peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani. Walichoma banda kwanza, na ng'ombe alikuwa ndani amefungwa. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Anjela alikuwa anajaribu kuingia kumkata kamba, na vijana wawili walimshika mikono, wakamlazimisha atazame, na mmoja alikuwa anamwambia, "Muite mama yako aje avunje kingine." Moto ulipoingia kwenye paa la nyumba walimwachia. Mvua haikunyesha, hakukuwa na wingu, achilia mbali radi. Klemensi alikaa polisi siku chache akarudi. Anjela alishuka Moshi mjini kabla ya mwezi kuisha, akawa anashona, na hakuja nyumbani ila kwa misiba. Mama yake alirudi, akajenga upya kidogo kidogo, akaishi.

Niliolewa palepale kijijini, kwa hiyo nilimwona Mama Anjela miaka yote. Kanisani alikaa safu ya mbele yangu. Padri aliposema tupeane amani, aligeuka, akanipa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuinuka. Kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni matusi. Kila Jumapili nilipewa tusi hilo kwa tabasamu na kwa jina la Kristo, nami nikalipokea, na sikusema. Baba alikufa akiogopa vigae vilivyobaki. Klemensi alikufa kwa pombe. Kila kifo kilipotokea kwetu watu waliondoa kigae kimoja kwenye hesabu yao.

Miaka kadhaa baadaye mume wangu alipata kibarua cha msimu kule chini kwenye mashamba ya miwa, nami nikashuka kukaa naye. Jirani yetu kambini alikuwa mlinzi mzee. Siku moja aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akafurahi. "Sisi asili yetu ni huko huko juu yenu, karibu na msitu! Nyumba saba tulikuwa. Babu alituambia mfongo ulikauka, wakateremka wote kutafuta kazi." Ana watoto sita. Ndugu zake wamejaa Kahe na Arusha. Nilimtazama meno yake, shingo yake nene, wajukuu waliokuwa wanamvuta suruali. Ukoo uliofagiwa na chungu ulikuwa umekaa mbele yangu unakula muwa. Nilirudi ndani nikalia, na mume wangu alidhani nimefiwa.

Jumapili iliyopita, siku ya pili ya maziko ya Mama Anjela, nilikata jani la isale nikaenda kwake. Anjela alikuwa peke yake uani, anafagia. Amenenepa, nywele zimeanza mvi, na pua imepinda kidogo pale ilipogonga nguzo. Nilipiga goti nikamnyoshea jani kwa mikono miwili. Nikamwambia kila kitu, chungu, maji ya Aloisi, mdomo wa chungu nilioutupa, damu. Hakushangaa. Aliegemea ufagio.

"Mama alikuona," alisema.

"Alifahamu pale uani, alipotazama mkono wangu."

"Hapana. Alikuona siku ile ile ukianguka. Alikuwa juu kidogo kwenye mfongo, anafungulia maji. Alitaka kuja kukuinua, akaona unafukia, akajua unamwogopa baba yako, akakuacha. Aliniambia hospitalini. Alisema, 'Ningemtaja, wangemaliza palepale. Mimi mkono, yeye ingekuwa roho.'"

Jani lilikuwa bado mikononi mwangu.

"Alikungoja," alisema Anjela. "Kila mwaka, Pasaka, Krismasi. Nikimpigia simu namwuliza, amekuja? Anasema, bado, atakuja. Na mimi nikawa nasema, mama, nenda wewe ukamwambie unajua, yaishe. Anasema hapana, isale hailetwi na aliyekosewa." Akafuta uso kwa kiwiko. "Sasa umekuja. Jani hilo unamletea nani? Mwenyewe yule pale." Alionyesha udongo mpya, maua ya karatasi juu yake.

"Nakuletea wewe."

"Mimi nilimwona ng'ombe akiungua, Felista. Nilishikwa nitazame. Kwa nini? Kwa sababu watu waliamini chungu. Leo unataka mimi niamini jani. Nikisema jani lina nguvu, basi na chungu kilikuwa na nguvu, na mama yangu alikuwa mchawi. Nikisema ni majani tu, basi umeniletea majani." Hakuwa amepandisha sauti. "Umelikata wapi?"

"Mpakani."

"Mpaka upi?"

Nililikata kwenye mstari wa baba. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilipita tu, nikaona linalofaa, nikakata. Anjela akarudi kufagia. Hakulipokea. Hakunifukuza pia.

Leo asubuhi nilichukua jembe nikaenda kwenye kihamba cha baba, ambacho sasa ni cha mtoto wa Klemensi. Nimehesabu hatua tatu kutoka kwenye masale kurudi upande wetu, nikachimba shimo la kwanza, nikapanda isale, nikahamia la pili. Masale hushika upesi, yanataka udongo tu. Nilipofika la nne mpwa wangu alitokea kwenye migomba na panga lake, akasimama.

"Shikamoo, shangazi. Mbona unapanda mpaka ndani ya shamba letu?"

"Si letu," nilimwambia.

Alicheka, akidhani ni uzee. Nikamwambia aweke panga chini, aje aketi hapa kwenye majani makavu, maana nataka kumweleza aliyevunja chungu.